Miguu ya mgonjwa haingoji tarehe ya kliniki

Maumivu ya mgongo si habari mkoani Singida. Anayelima vitunguu Mkalama, anayepakia magunia ya alizeti Ikungi, anayepanda miti kutundika mizinga Itigi, wote wanajua kuumwa mgongo na wote wana dawa yake: diklofenaki ya dukani, kuchuliwa kwa mafuta, kupumzika siku mbili tatu, kisha jembe begani. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 aliyewahi kuambiwa ana tatizo la tezi dume akianza kulalamika kwamba mgongo unamsumbua usiku kuliko mchana, na kwamba akilala chali maumivu yanazidi badala ya kupoa, hakuna anayeshtuka. Baada ya wiki kadhaa anasema miguu imekuwa mizito. Siku chache tena, anashikwa mkono kwenda msalani. Anapofikishwa hospitali mkojo umeziba, miguu haisikii hata ikifinywa, na ndugu wanaambiana kwamba mzee amepooza, kana kwamba kupooza ni ugonjwa mwingine uliojizukia.

Wagonjwa wa namna hii ndio wanaomhitaji daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu kuliko wagonjwa wengine wote wa saratani, na ndio wanaomkosa kuliko wote. Ukitaja upasuaji huo, watu huwaza fuvu lililofunguliwa, darubini kubwa na madaktari waliosimama kutwa nzima. Picha hiyo ni ya kweli, lakini imetufanya tutazame juu wakati sehemu kubwa ya ugonjwa, na sehemu kubwa ya nafuu, iko chini ya shingo. Hoja yangu ni kwamba mkoa wa Singida, wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, unaweza kuwaokolea wagonjwa wengi wa saratani miguu yao kabla haujapata hata daktari mmoja wa kufungua fuvu. Unachohitaji kwanza ni kujua saa.

Nieleze saa hiyo ni ipi.

Saratani nyingi zinazofika kwenye uti wa mgongo na ubongo hazikuanzia huko. Zimetoka kwenye titi, pafu, tezi dume, figo au ngozi, zikasafiri na damu hadi zikapata pa kukaa. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani yalionyesha kwamba mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo vinavyokaribia 27,000. Katika orodha ya saratani zinazoongoza nchini, ile ya matiti na ile ya tezi dume zina tabia inayojulikana: zinapenda mifupa, na katika mifupa zinapenda pingili za mgongo. Mwaka 1940 mtaalamu wa anatomia wa Marekani, Oscar Batson, alieleza mtandao wa mishipa ya damu inayounganisha nyonga na uti wa mgongo. Mishipa hiyo haina vizuizi vya kuzuia damu kurudi nyuma. Mtu akikohoa, akichutama au akinyanyua gunia, damu ya nyonga inaweza kusukumwa moja kwa moja hadi kwenye pingili. Njia hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini saratani ya tezi dume huwahi mgongoni.

Ikishafika, inaula mfupa taratibu. Kipindi hiki ndicho cha maumivu, na kinaweza kudumu wiki nyingi, pengine miezi. Kisha pingili inabonyea, au uvimbe unatokeza kwa nyuma na kuubana uti. Damu ya uti inakwama, uti unavimba, na mwisho sehemu yake inakufa kwa kukosa damu. Hatua ya maumivu ni ndefu. Hatua ya miguu kulegea ni fupi, mara nyingine siku mbili, mara nyingine usiku mmoja. Mgonjwa aliyefika akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyefika akiwa amelala siku tano, hata umpe daktari bora wa Dar es Salaam, miguu kwa kawaida hairudi.

Ushahidi juu ya jambo hili ni mzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2005 Roy Patchell wa Kentucky, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 101 waliobanwa uti na saratani. Nusu walipewa mionzi peke yake. Nusu nyingine walifanyiwa upasuaji kwanza, uvimbe ukaondolewa, mgongo ukaimarishwa kwa vyuma pale ulipolegea, kisha wakapewa mionzi. Kati ya waliopasuliwa, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya matibabu. Upande wa mionzi pekee, asilimia 57. Waliopasuliwa waliendelea kutembea kwa wastani wa siku 122, wenzao siku 13. Na waliofika wakiwa hawawezi tena kutembea, asilimia 62 ya waliopasuliwa walisimama tena, dhidi ya asilimia 19. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno.

Siku 122 zinaweza kuonekana chache kwa msomaji mwenye afya. Kwa mgonjwa ambaye saratani yake imeshasambaa, ni miezi minne ya kwenda chooni mwenyewe, bila vidonda vya kulala, bila mpira wa mkojo na maambukizi yake. Na katika kaya ya Singida miezi hiyo ina tafsiri nyingine: binti hakuacha shule kumgeuza baba kitandani, na mama hakuacha shamba msimu wa palizi.

Tusisahau masharti ya utafiti huo, maana hapa ndipo wengi wanapokosea wanaponukuu takwimu. Patchell hakuwachukua waliokuwa wamepooza kabisa kwa zaidi ya saa 48. Hakuwachukua waliotarajiwa kuishi chini ya miezi mitatu. Aliwaacha pia wenye saratani zinazoyeyuka upesi kwa mionzi, kama zile za tezi za limfu. Kwa hiyo asilimia 84 ni ya waliowahi. Ukipeleka Dodoma mgonjwa aliyekaa wiki mbili bila miguu, unapeleka mgonjwa mwingine kabisa, na usishangae daktari akikataa kumpasua. Amekataa kwa haki.

Sasa pima ramani. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma, iliko Hospitali ya Benjamin Mkapa yenye MRI na upasuaji wa ubongo na mgongo, ni takribani kilomita 240 za lami kupitia Manyoni. Ni mwendo wa nusu siku au pungufu. Hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996 na ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyobeba upasuaji wa ubongo wa nchi nzima, ni karibu kilomita 700. Mionzi ya saratani kwa miaka mingi ilipatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, baadaye Bugando, Mwanza, ambako Msingida anafika kwa kushuka Sekenke na kuvuka Igunga, Nzega na Shinyanga, zaidi ya kilomita 400. Umbali huu ni mkubwa, lakini ukiutazama vizuri hauzidi saa 24. Saa 48 za Patchell zinatosha kabisa kumtoa mtu Kiomboi hadi Dodoma. Zinazotumaliza ni zile wiki zilizopita kabla ya barabara: wiki za diklofenaki, wiki za kusubiri tarehe ya kliniki, wiki za zahanati kumpa mgonjwa rufaa isiyosema chochote zaidi ya maneno mawili, "maumivu ya mgongo".

Kuna mambo matatu yanayoweza kufanyika ndani ya mkoa kabla gari halijawashwa, na yote ni rahisi kwa bei. La kwanza ni deksamethazoni. Dawa hii ya kupunguza uvimbe iliingia kwenye tiba ya ubongo mwaka 1961, pale Joseph Galicich na Lyle French wa Minnesota walipoitumia kwa wagonjwa wenye uvimbe kichwani na kuona waliokuwa wakizirai wakizinduka. Inapunguza maji yaliyokusanyika kuzunguka uvimbe, kichwani hata mgongoni, na inanunua muda wa safari. Ipo kwenye makabati ya hospitali zetu za wilaya. La pili ni kumlaza mgonjwa na kumsafirisha kwa ubao au godoro gumu, si kumkalisha kwenye basi la abiria akirushwarushwa. Pingili iliyoliwa inaweza kumalizika kuvunjika njiani. La tatu wengi hawalitarajii: kwa mwanamume mwenye saratani ya tezi dume ambaye hajawahi kuanza tiba ya homoni, kuondoa korodani ni upasuaji mdogo ambao hospitali ya wilaya inaumudu, na homoni inayolisha saratani hiyo hushuka ndani ya saa chache. Hauchukui nafasi ya kuufungua uti uliobanwa. Lakini kwa mzee ambaye hana namna ya kufika popote, unaweza kuwa ndio uliompa miguu. Lazima akubali mwenyewe kwa kueleweshwa, bila kusukumwa.

Na kabla ya yote hayo kuna swali ambalo Singida lazima iulize kila mara: je, ni saratani kweli? Kifua kikuu cha mgongo bado kipo, nacho kinakula pingili, kinaleta kibiongo, kinapoozesha miguu. Picha ya rontgeni inaweza kumdanganya hata daktari mzoefu. Tofauti ni kwamba kifua kikuu kinapona kwa vidonge vinavyotolewa bure. Mgonjwa akipewa jina la saratani bila kuchukuliwa kinyama, familia inaweza kumrudisha nyumbani kumsubiria kifo ambacho hakikuwa chake.

Hapa ndipo nafika kwenye kichwa, na kwenye kazi ya daktari wa ubongo ambayo haisifiwi inavyostahili: kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Huyohuyo Patchell, mwaka 1990, alichapisha utafiti juu ya watu wenye saratani inayojulikana ambao picha ilionyesha uvimbe mmoja ubongoni. Waliotolewa uvimbe kisha wakapata mionzi waliishi kwa wastani wa wiki 40. Waliopata mionzi peke yake wiki 15. Takwimu hizo zilibadili tiba duniani. Mimi navutwa zaidi na nyingine iliyojificha humohumo: kati ya watu 54 walioingizwa, 6 walipochukuliwa kinyama walikutwa kwamba kilichoko kichwani si ile saratani iliyosambaa. Wengine walikuwa na uvimbe wa aina nyingine, wengine maambukizi. Hiyo ni Marekani, kwenye hospitali ya chuo kikuu, kwa watu ambao tayari walikuwa na saratani mwilini.

Sasa lete swali hilo kwetu. Mkalama inapakana na wilaya ya Mbulu, na Mbulu ni mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa sana Afrika Mashariki kwa ugonjwa wa mabuu ya tegu la nguruwe kuingia ubongoni. Nguruwe akizurura na kula kinyesi cha mtu mwenye minyoo hiyo, mzunguko unakamilika. Mtu akimeza mayai kwa mikono au maji machafu, mabuu yanaweza kujenga vifuko ndani ya ubongo. Andrea Winkler na wenzake, waliofanya kazi Hospitali ya Haydom, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya picha za CT za watu wenye kifafa, na karibu asilimia 18 walikuwa na alama zinazoelekeza kwenye ugonjwa huo. Kifuko cha tegu kwenye CT kinaweza kuonekana kama duara lenye ukingo unaong'aa. Saratani iliyosambaa inaweza kuonekana hivyohivyo. Kifua kikuu cha ubongo hivyohivyo. Toksoplazma ya mgonjwa wa VVU hivyohivyo. Mama wa Iramba aliyetibiwa saratani ya titi mwaka juzi, leo akaanguka kifafa na picha ikaonyesha duara, hawezi kuhukumiwa kwa picha peke yake.

Hapo deksamethazoni niliyoisifu inageuka mtego. Kuna aina ya saratani ya limfu inayoota ubongoni, hasa kwa watu ambao VVU imeshusha kinga yao, ambayo huyeyuka kwa muda ikipewa dawa hiyo. Daktari wa ubongo akifika na sindano yake ya kuchukua kinyama, hapati kitu. Baada ya wiki chache uvimbe unarudi na mgonjwa amechoka zaidi. Kwa hiyo kanuni ya mgongoni haihamishiki kichwani kiholela. Uti ukibanwa na saratani inayojulikana, toa dawa na uondoke. Kichwani, ikiwa mgonjwa hajazimia na haoni giza, piga simu kwanza kwa atakayechukua kinyama.

Msomaji wa Singida atauliza kwa nini basi tusijifunze kupasua hukuhuku. Swali halali, na jibu lake lina historia ya karibu. Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa mkono wa Wanorwei, iko Mbulu mkoani Manyara lakini wagonjwa wake wengi ni wa Mkalama na Iramba. Kwa mtu wa Nduguti ndiyo hospitali ya jirani. Mwaka 2006 alifika pale Dilan Ellegala, daktari wa ubongo kutoka Marekani mzaliwa wa Sri Lanka. Tanzania nzima wakati huo ilikuwa na madaktari wa ubongo 3. Haydom haikuwa hata na msumeno wa kufungulia fuvu, akanunua wa mkulima wa kukatia miti, ukachemshwa, ukatumika. Kisha akafanya jambo la maana kuliko upasuaji wowote alioufanya mwenyewe: akamfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi asiye na shahada ya udaktari, kutoa maji ya ubongo kwa mpira na hata kuondoa uvimbe, kisha akamfundisha kufundisha. Mayegga naye akamfundisha mwenzake. Mwandishi wa habari Tony Bartelme aliandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 2017.

Hadithi hiyo huwakera baadhi ya mabingwa wetu, na huwalewesha baadhi ya wafadhili. Mimi niko katikati, nikiegemea upande wa Mayegga. Kwa damu iliyoganda kichwani baada ya ajali ya bodaboda, au mtoto mwenye kichwa kikubwa, mikono iliyofundishwa vizuri iliyo karibu ni bora kuliko bingwa aliye mbali. Mashaka yangu yanakuja tukifika kwenye saratani, na hayahusu mikono. Mgonjwa wa saratani hatibiwi na upasuaji. Anapitia kwenye upasuaji akielekea kwingine. Kinyama kinahitaji mtaalamu wa patholojia wa kukisoma. Baada ya kisu inahitajika mionzi, dawa, na mtu wa kusoma picha ya mwezi wa tatu. Ukiondoa uvimbe uliosambaa kutoka kwenye pafu na usipompeleka mgonjwa kwenye mionzi, uvimbe unarudi palepale kwa wengi. Kufungua chumba cha upasuaji wa ubongo leo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Mandewa, bila kamba hiyo nyuma yake, kungezaa sherehe ya kukata utepe na makovu vichwani.

Makovu hayo yana gharama ambayo haionekani kwenye ripoti. Chukua saratani inayoanzia ubongoni yenyewe, ile kali kuliko zote, gliyoblastoma. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Roger Stupp, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba baada ya upasuaji, mionzi na dawa ya temozolomidi viliwapa wagonjwa wastani wa miezi 14.6, mionzi bila dawa miezi 12.1. Mionzi hiyo ni vipindi 30, siku tano kwa wiki, wiki sita. Kwa familia ya Manyoni hiyo ni wiki sita za kulala Dar es Salaam, mgonjwa na ndugu wa kumsindikiza, chakula, nauli ya daladala kila asubuhi. Ng'ombe wanauzwa. Shamba linawekwa rehani. Daktari bingwa mwenye utu anapaswa kuyasema haya mezani kabla ya kupanga tarehe, na mara nyingine kusema kwamba kwa mgonjwa huyu, mwenye vivimbe vitano kichwani na ini lililojaa, kisu hakitamsaidia. Kukataa kupasua ni sehemu ya taaluma hii.

Upande wa pili kuna uvimbe ambao si saratani ila huua kama saratani kwa kukosa nafasi ndani ya fuvu, kama meninjoma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Huo ukitolewa wote, wagonjwa wengi hupona. Mwanamke anayepoteza macho polepole kwa miaka miwili huku akibadilishiwa miwani anaweza kuwa nao. Kwa wagonjwa wa namna hii, kambi za madaktari bingwa zinazozunguka mikoani zina thamani kubwa, kwa sababu ugonjwa wao hukua taratibu na unaweza kungoja kambi. Uti uliobanwa hauwezi. Wanaopanga kambi wasichanganye makundi haya mawili. Tangazo la kambi ya mwezi ujao linaweza kumfanya mzee wa tezi dume akae nyumbani kuisubiri.

Watoto nitawataja kwa ufupi, ingawa wanastahili safu yao. Duniani uvimbe wa ubongo ni wa pili kwa wingi katika saratani za watoto. Kwetu wanaofikishwa wakiwa na ugonjwa huo ni wachache kuliko inavyopaswa, na maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba hawafiki. Kutapika asubuhi kunaitwa malaria, kuyumba kunaitwa udhaifu, kifafa kinapelekwa kwa mganga. Mtoto anayetapika kila akiamka kwa wiki mbili, bila homa, anahitaji picha ya kichwa. Serikali imesambaza mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Sababu ya kumwacha mtoto huyo bila picha imepungua nguvu.

Turudi kwenye gari. Tanzania tayari ina mfumo unaojua kukimbizana na saa, nao ni m-mama. Mjamzito akipata hatari kijijini, simu ya bure 115 inaingia kwenye kituo cha kuratibu, mtaalamu anauliza maswali kwa mpangilio, anaamua hospitali ipi, na kama gari la wagonjwa halipo anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa ambaye analipwa na mfumo. Hakuna anayesubiri mume auze kuku. Sioni kwa nini mfumo uliothubutu kwa uzazi usiongezewe orodha fupi ya dharura nyingine, na kubanwa uti kwa mgonjwa wa saratani kuwe mojawapo. Wagonjwa hawa kwa mwezi mkoani hawatakuwa wengi kiasi cha kuuelemea. Atakayepinga atasema fedha za m-mama ni za mama na mtoto, na ana hoja. Basi halmashauri saba za Singida zitenge zao.

Kwenye mionzi kuna habari njema ambayo haijasambaa vya kutosha. Utafiti wa Uingereza na Australia uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha wagonjwa waliobanwa uti waliopewa mionzi mara moja tu na waliopewa mara tano. Baada ya wiki nane, waliokuwa wakitembea walikuwa asilimia 69 kwa kundi la kwanza na asilimia 73 kwa la pili. Kitakwimu watafiti hawakuweza kutangaza kwamba ni sawasawa. Kwa mgonjwa wa Itigi asiyefaa kupasuliwa na asiye na ndugu Dar es Salaam, tofauti hiyo ndogo inaweza kufidiwa na kurudi nyumbani siku ileile. Uamuzi ni wake na daktari wake, lakini aambiwe kwamba mionzi ya mara moja ipo.

Fedha ndiyo sehemu inayochosha. Sera ya afya kwa miaka mingi imeweka saratani kwenye magonjwa ya msamaha, ila msamaha haulipi nauli, na vyuma vya kuimarishia mgongo ni ghali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kurekebisha. Kitakachonipa imani ni kuona kitita cha bima kikitaja kwa maandishi upasuaji wa dharura wa uti uliobanwa, pamoja na vyuma na gari. Kikitaja "huduma za kibingwa" kwa ujumla tu, mgonjwa atabishana na karani wa dirishani huku miguu ikifa ganzi.

Kwa tabibu wa zahanati anayesoma safu hii naomba kitu kimoja. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na saratani, na mwanamume mzee yeyote mwenye shida ya mkojo, akija na maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, mwambie ainue miguu mmoja mmoja, kisha atembee mbele yako, muulize haja ndogo na kubwa. Kama nguvu imepungua, andika kwenye rufaa siku na saa ilipoanza kupungua, kisha piga simu Mandewa au Benjamin Mkapa kabla hajaondoka, ili atakapofika asipange foleni ya kliniki. Na kwa ndugu wa mgonjwa: akisema miguu imekuwa mizito, mpeleke hospitali leo hiihii, hata kama tarehe yake ya kliniki ni wiki ijayo.